Usijibu Barua Peke Yako: Kwa Walimu Wapya

Muhula huu nimewaona walimu watatu wapya wakipokea barua za kutakiwa kujieleza na kuketi usiku uohuo kuandika majibu, bila kumshauri yeyote. Wanangu, nawapenda, lakini jambo hili linanichosha.

1. Jueni tulikotoka. Zamani za ukoloni mwalimu wa Kenya aliajiriwa na misheni au baraza la eneo lake, kila mwajiri akiwa na masharti yake. Chama chetu cha walimu, KNUT, kilipoundwa tarehe 4 Desemba 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote, na TSC, tume ya kuwaajiri walimu, ikaundwa mwaka 1967. Anayesema chama hakijamfanyia lolote na aitazame nambari yake ya TSC.

2. Msijibu barua peke yenu. Katika mwaka wangu wa nne kazini niliandikiwa kwamba nimekosa vipindi vya juma zima. Kweli sikuwapo: mama yangu alikuwa amelazwa, na naibu wa mkuu wa shule alikuwa ameniruhusu kwa mdomo. Badala ya kusema hivyo, niliandika kurasa tatu za hasira. Nilikiri kutokuwapo, nikamshambulia mkuu wangu, na ruhusa ile sikuitaja kwa sababu sikutaka kumponza naibu. Nilisimamishwa kazi, nikakaa miezi minane bila mshahara, na mdogo wangu niliyekuwa nikimlipia karo akarudi nyumbani. Nilipomwendea katibu wa tawi la chama hatimaye, aliisoma nakala ya barua yangu mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, mbona hukuja kwanza?” Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Alinitetea kwa cheti cha hospitali nilichopaswa kukiambatisha tangu siku ya kwanza, nami nikarudishwa kazini kwa onyo.

3. Tunzeni hati zenu za mshahara. Mgomo wa Oktoba 1997 ulileta makubaliano ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu tano, serikali ikalipa awamu ya kwanza na kusita. Waliostaafu kati ya 1997 na 2003 walilazimika kwenda mahakamani kudai pensheni inayolingana na nyongeza hiyo.

4. Kagueni makato ya chama kila mwezi.

Kati ya wale watatu, mmoja bado hajawasilisha jibu lake. Nimemwomba aje nalo kesho kabla ya gwaride, nami nitampeleka tawini mwenyewe.