Maswali yenu: Mnara wa Saa, Boma, Kaloleni na mti wa Old Moshi

Tangu shule zifunge, wengi mnauliza kuhusu sehemu za kihistoria za huku kwetu. Wazazi wanataka kuwatembeza watoto, wageni wanataka mahali pa kupiga picha. Nimechagua maswali machache. Yale yanayorudi kila likizo nayajibu tena leo, na naomba iwe mara ya mwisho.

Ni kweli Mnara wa Saa wa Arusha ndiyo katikati ya Afrika? (Msomaji, Sakina)

Si kweli. Hata wanaoisimulia hawaisimulii hivyo: wao husema ni katikati ya Cairo na Cape Town. Nayo si kweli. Shika ramani tupige hesabu pamoja. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town iko nyuzi 34 kusini. Katikati yake ni nyuzi 2 kusini, na Arusha imevuka 3. Hapo utasema tumekaribia. Sasa geukia mashariki na magharibi. Cairo iko nyuzi 31 mashariki, Cape Town 18, kwa hiyo katikati ni kama 25, na sisi tuko karibu na 37. Ukinyoosha mstari, nusu ya safari inaangukia ndani ya Kongo, kama kilomita 1,300 magharibi ya mnara wetu.

Waingereza walikuwa na ndoto ya barabara moja ya kutoka Cape mpaka Cairo, na barabara hiyo ilipangwa kupita Arusha. Maneno haya yalizaliwa humo. Ndoto ya mtawala leo tunawafundisha watoto kama jiografia.

Linaniuma kwa sababu nimeliona kwa macho. Asubuhi moja niliwakuta wanafunzi wa darasa la sita wamepangwa mbele ya mnara, madaftari yamefunguliwa, wanaandika "katikati ya Afrika". Binti mmoja alikosea herufi, akafuta kwa kifutio mpaka karatasi ikachanika, akaandika upya kwa herufi kubwa. Walikaa pale karibu nusu saa. Kisha wakapanda basi wakaondoka, na Boma, ngome ya zamani ya Wajerumani, lilikuwa dakika tano tu kwa miguu kutoka walipokuwa wamesimama. Hawakulifika.

Arusha iliwahi kuwa mji mkuu wa nchi? (Mwanafunzi, Ngaramtoni)

Hapana. Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ya nchi ikapitishwa mwaka 2018. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya 1967 iliyovunjika 1977, na hii ya sasa ambayo mkataba wake ulisainiwa hapa hapa tarehe 30 Novemba 1999. Usichanganye hayo mawili kwenye mtihani.

Nataka kuwapeleka watoto Boma, ila mume wangu anasema pale ni ndege na wadudu waliokaushwa tu. Kuna cha kuona? (Mama wa watatu, Njiro)

Dada yangu, mumeo anasema hivyo kwa sababu ya jina la makumbusho, na hayuko peke yake. Ndiyo, ndani ni makumbusho ya elimu viumbe, na maonyesho ya chimbuko la binadamu watoto watayapenda. Lakini nakuomba kabla hamjaingia uwasimamishe nje, mtazame kuta.

Boma hili lilijengwa na Wajerumani kuelekea mwaka 1900, na liliwekwa pale kwa sababu maalumu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, upande wa Meru. Jeshi likaletwa kutoka Moshi chini ya Kapteni Johannes, likapiga Waarusha na Wameru, likachoma nyumba, likachukua ng'ombe. Walioshindwa ndio walioshurutishwa kubeba mawe na kujenga ngome ya kuwatawala. Kila jiwe mnaloliona pale lilipita mikononi mwa mtu wa hapa ambaye hakulipenda.

Kwa hiyo waambie watoto wahesabu mawe kabla ya kuhesabu ndege. Na mkifika mlangoni lipieni dirishani, mpewe risiti. Akitokea kijana nje akadai yeye ndiye anayekusanya kiingilio, mpite.

Nilizunguka Moshi mjini siku nzima nikitafuta mti alionyongewa Mangi Meli. Dereva wa bodaboda akaishia kunipeleka mnara wa saa. Uko wapi? (Msomaji aliyetoka Mwanza)

Pole kwa mzunguko, lakini ulitafuta mji usiokuwepo wakati huo. Moshi ya leo ililetwa na reli ya kutoka Tanga iliyofika mwaka 1911. Moshi ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, ndiyo tunayoiita Old Moshi, kule juu mlimani. Panda huko, na ukifika muulize mzee yeyote, utaonyeshwa.

Kwa kuwa umetoka mbali, nakuongezea. Meli ni mwana wa Mangi Rindi. Juni 1892 majeshi yake yaliwapiga Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa katika mapigano hayo. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hadharani pamoja na wenzake, watu 19 kwa jumla, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi kutoka Meru na Arusha. Utaona basi kwamba mti wa Old Moshi na Boma la Arusha ni habari moja: vita vilevile, kapteni yuleyule. Tunazitenganisha kwa sababu leo kuna mikoa miwili.

Kichwa cha Meli kinasimuliwa kuwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelinganisha fuvu moja na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka simu chini nikanyamaza kwa muda. Fuvu la mtu mzima aliyekuwa na wake na watoto, lilikaa kwenye sanduku ghalani zaidi ya miaka mia. Anayepanda Old Moshi kupiga picha ya kuchezacheza chini ya mti ule, namsihi asiende.

Sheikh Amri Abeid alichezea timu gani? (Shabiki, Unga Ltd)

Hakuchezea. Alikuwa mshairi, ndiye aliyewaandikia washairi wetu sheria za kutunga mashairi, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Alifariki mwaka 1964. Unaingia kwenye uwanja wenye jina lake kila wikiendi, mjue.

Mwalimu wa mwanangu ameandika kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Arusha tarehe 5 Februari 1967. Mimi nilisikia ni Januari. Nani yuko sahihi? (Mzazi, Kaloleni)

Kila mmoja ameshika nusu. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 ikalipitisha. Mwalimu Nyerere alilitangaza kwa wananchi tarehe 5 Februari, akiwa Dar es Salaam. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Mwalimu wa mtoto wako asahihishe, na asione vibaya.

Lakini wewe unaishi Kaloleni, ndugu yangu! Jengo lenyewe liko mtaani kwako, ni Makumbusho ya Azimio. Wengi hupiga picha mnara wenye mwenge pale kwenye mzunguko, kisha wakageuka. Vuka barabara. Ni jengo dogo, halitishi mtu, na ndani yake walikaa watu wakakubaliana kwamba kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yasome masharti hayo na mwanao, moja baada ya jingine, kisha umwache aulize maswali. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Jengo lililoyazaa halina foleni hata siku ya sikukuu, na mimi naliona hilo ni jambo la kusikitisha kuliko saa ya mnara kukosea majira.

Huo mwenge wa juu ya mnara ndio uliopandishwa Kilimanjaro? (Wengi, wengi sana)

Sio. Mwenge wa Kilimanjaro ulipandishwa na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Wa Arusha ni sanamu. Tafadhalini.

Ile mahakama ya Rwanda bado ipo? (Mgeni wa Arusha)

Mahakama hiyo ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, baada ya kuwashtaki watu 93. Ilikaa kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, na kazi zilizobaki zilirithiwa na chombo kingine kilichoko Lakilaki, nje kidogo ya mji. Pale AICC, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kuhesabu ubakaji kuwa sehemu yake. Wanawake wa Rwanda walisafiri mpaka mji huu kutoa ushahidi huo. Sisi tunapita pale kwenye vifodi tukizungumza bei ya nauli. Ukiwa na mgeni, mwonyeshe jengo hilo kabla ya soko la vinyago.

Nina siku moja tu na watoto wawili. Nianzie wapi? (Baba, Usa River)

Anza Kaloleni asubuhi, watoto wakiwa na akili safi ya kusoma. Kisha teremkeni mjini, mnara wa saa mpite bila kusimama sana, mpande Boma mkapumzike kwenye kivuli cha bustani yake. Bebeni maji na daftari. Old Moshi msiiunganishe humo, iwekeeni siku yake, tena isiwe ya mvua za masika, njia ile inateleza.