Mwanangu anakohoa kila akinywa uji

SWALI: Shikamoo mama. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne, hakai, hasemi, shingo ndiyo kwanza imeanza kukaza. Alipozaliwa alichelewa sana kulia. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo, nimrudishe kila mwezi kwa mazoezi, ila nauli ya pikipiki inamaliza hela ya mboga. Kila nikimlisha uji anapaliwa, anakohoa hadi machozi, na kifua hakimwishi. Mama mkwe anataka tuuze mbuzi tumpeleke kwa mganga. Nikienda kwenye pamba namwacha amelala ndani. Nifanyeje?
Mama M., Kishapu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbuzi msiuze. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo unaweza kuumia, na hapo hakuna mkono wa jirani wala wa wifi.

Tuanze na kijiko, maana nadhani kifua kinaanzia hapo. Bila shaka unamlisha amelala mapajani, uso juu. Akina mama wengi niliowahudumia walifanya hivyo, kwa kuwa ndivyo walivyomzoea tangu mchanga. Kichwa kikilala nyuma, uji mwepesi unaingia njia ya hewa. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifuani kidogo, nawe ukae mbele yake macho kwa macho. Uji uwe mzito, wa kudondoka taratibu kwenye kijiko, utie karanga zilizosagwa laini. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mponde na maziwa mpaka yasiwe na nyuzi. Kijiko kidogo, kijazwe nusu, ameze ndipo kifuate kingine. Atachukua muda mrefu, usimkimbize. Akimaliza, asilazwe kwa nusu saa.

Utauliza, atakaaje wima wakati hakai? Seremala wa hapo kijijini anaweza kumtengenezea kiti cha kona: mbao mbili za mgongo zilizokutana kwenye pembe, ubao wa kukalia, na kigingi kifupi kilichofungwa kitambaa, kipite katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Mpime akiwa amekalishwa, kutoka makalioni hadi juu ya mabega. Wakati unasubiri, chimba shimo kivulini, kina cha kumfika nyonga, utandike kanga, umkalishe humo ukiwa karibu naye. Shambani nenda naye. Akilala chali ndani siku nzima viungo vinakakamaa, tena haoni mtu.

Nauli: mwombe mtaalamu akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani, kisha mkubaliane kama mnaweza kuonana kwa nafasi zaidi. Wataalamu wengi wanakubali, ila wanangoja kuulizwa. Nenda pia kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya mtoto aandikishwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Mwulize mwenyekiti ya kwenu iko wapi, na usikubali jibu la kunung'unika.

Mama mkwe usigombane naye. Mkabidhi kijiko, mwonyeshe, amlishe yeye jioni. Bibi aliyeona mjukuu amemaliza bakuli bila kukohoa hamtaji mganga mara nyingi.

Ila mtoto akipumua kwa haraka, mbavu zikawa zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, tafuta pikipiki usiku huohuo, hata kwa kukopa.