Barua kwa mwanangu, kuhusu zile nywele zako

Mwanangu mpenzi, marahaba.

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Sikukujibu palepale maana nilikuwa nasuka mteja na mikono imejaa mafuta, halafu ukweli sikutaka kukujibu harakaharaka. Umeniuliza nywele zako ulizozikuza miaka minne tangu ufike Leicester huko Uingereza, uzikate uwape hao wanaotengenezea watoto wagonjwa wigi, au utume hela tu nywele ubaki nazo. Na mwishoni ukaandika, "hivi mama kipindi kile unaumwa ungeitaka wigi ya nywele za mtu?" Hapo ndo nikakaa chini.

Kipindi kile ni 2016, wewe uko bweni fomu tuu, mimi na baba yako tulikuficha mengi na leo nakwambia. Dripu ya kwanza nilipigwa Ocean Road, hospitali ya kansa, ile dawa nyekundu, nikarudi nyumbani Tandika najiona mzima, nikasema labda mimi zitanibakia. Wiki ya tatu ngozi ya kichwa ikaanza kuuma, yaani unajua mtu akisukwa akabanwa mpaka macho yanavutika, vile vile, halafu asubuhi moja naamka mto mweusi. Nywele zangu mwanangu, zile unazozijua. Nesi alikuwa ameshanieleza kwamba dawa inawinda chembe zinazokua haraka, sasa kansa inakua haraka na mizizi ya nywele nayo inakua haraka, dawa haichagui. Nilielewa kabisa, lakini kuelewa ni kitu kimoja na kuokota nywele zako mwenyewe kitandani ni kingine. Jioni nikampa baba yako mashine ya saluni akapitisha zote, hakusema neno na mimi sikusema.

Wigi nilikuwa nazo dukani, unazijua, zilizonyooka mpaka mabegani. Nikavaa moja kwenye kitchen party ya binti wa mamdogo wako. Watu wakasema nimependeza ila wote wananiangalia juu ya paji la uso, hakuna anayeniangalia machoni, maana mimi mtaa mzima wananijua kwa misuko yangu ya twende kilioni na leo nimekuja na singa. Nikajiona kama nimeazima kichwa cha mtu. Na joto la Dar na ile ngozi ilivyokuwa laini, ikawa inachoma, nikaenda chooni nikaivua nikafunga kilemba cha kanga na sikuivaa tena mpaka nywele zilipoota, miezi kama mitatu baada ya dripu ya mwisho, laini kama za kichanga.

Kwa hiyo jibu langu ni ndio, ningeitaka, kama ingefanana na mimi. Na hapo ndo nywele zako zinapoingia.

Maana nimekaa nimefikiria, huku kwetu mtoto wa shule kuwa na kipara sio habari, shule nyingi za msingi watoto wa kike wananyolewa wote, mtoto anayetibiwa akirudi darasani kichwani kafanana na wenzake. Huko uliko mtoto wa miaka nane anaingia darasani wenzake wote wana nywele mpaka mgongoni, yeye hana hata nyusi. Akiwa mzungu atapata wigi inayofanana na nywele alizokuwa nazo. Akiwa mtoto kama wewe ulivyokuwa, miaka mingi alikuwa anapewa kama ile niliyoivua mimi chooni. Hilo limeniuma kuliko yote.

Hao Little Princess Trust uliowataja, hilo shirika la huko linalowapa watoto wagonjwa wigi, mwanzoni nywele za kipilipili walikuwa hawazichukui, na mimi kama fundi naelewa kwa nini. Wigi nzuri inafungwa kwa mkono, unywele mmoja mmoja kwenye neti kwa kikulabu kidogo, ni kazi ya siku na siku, sasa unywele wetu unajikunja, unajifunga na mwenzake, fundi hawezi kufika mwisho. Mwaka 2021 ndo wakapata njia, wakaacha kufunga mmoja mmoja wakawa wanaunganisha nywele kwenye uzi zinakuwa mistari halafu wanashonea. Nilivyosoma hivyo nilisimama, maana hiyo si ndo wivingi? Hiyo kazi mikono yetu inaijua siku nyingi.

Ila wigi moja haitoki kwenye kichwa kimoja, inataka nywele za watu kadhaa waliofanana nywele, na watu wenye nywele kama zetu ndefu wanaozitoa ni wachache. Ndo maana nasema usitume hela ukabaki na nywele. Hela watapewa na wengi, kipilipili ya sentimita 30 hawapewi na wengi. Lakini ukiweza ongeza na hela kidogo maana wigi moja inagharimu mamia ya pauni na mtoto anapewa bure, fundi naye anakula.

Bibi yako nimemwambia, usinilaumu, na kama ulivyodhani akashtuka. Unajua alivyotulea, nywele za kwenye kitana unaokota unachoma au unatupa chooni, hutupi nje mtu asije akazichukua akakufanyia mambo. Sikumbishia, ni mama yangu. Nilimuuliza tu, mama, hizi nywele za binadamu ninazoshonea watu miaka 20 zilitoka wapi? Nikamweleza kuna hekalu India, Tirumala, watu wanaenda kunyoa kwa nadhiri, kina mama kwa kina baba, na hekalu linauza zile nywele kwa mnada zinasambaa dunia nzima. Akakaa kimya muda mrefu akaniuliza, "na huyo mtoto atapona?" Nikamwambia wengi huko wanapona. Akasema basi mwambie asali kwanza ndo akate. Kwa hiyo sali kwanza.

Sasa sikiliza maana hapa ndo watu wanaharibu. Cheki kwanza kwenye ukurasa wao wanataka urefu gani kwa sasa, na upime zikiwa zimevutwa, zako zikiachwa zinarudi nusu. Usizipige pasi. Zioshe, usipake mafuta wala jeli, zikiwa na unyevu bado kidogo zisuke uzi, ile ya zamani niliyokuwa nakusuka ukiwa darasa la pili ukilia, ulale nazo siku mbili zitanyooka zenyewe bila moto. Halafu zikauke KABISA, ukifunga na maji ndani ya bahasha zinaota ukungu wanatupa. Ukishafumua gawa mikia midogomidogo hata nane, kila mkia raba juu na raba chini, na ukate juu ya ile raba ya juu, upande wa kichwani. Usikate zikaanguka sakafuni ukazoa! Unywele una magamba madogo yanaelekea upande mmoja kama ya samaki, ukichanganya shina na ncha yanakwaruzana zinafungana, haifai tena kwa wigi. Ndo maana raba inatangulia mkasi. Na zile ncha ulizozipausha mwaka jana zipunguze kabla, zilizopaushwa nyingi zinakataliwa, bora upeleke fupi kidogo zilizo nzima kama urefu bado unatosha. Urefu usipotosha subiri, zitaongezeka sentimita moja kwa mwezi hivi, hakuna anayekukimbiza.

Kitu kimoja nakuomba. Hizo nywele nimeziosha nimezisuka kuanzia hazijajaa kiganja, na nilipoumwa Jumamosi ulizokuwa nyumbani nilikusuka nimekaa kwenye godoro maana kusimama siwezi, sijui kama unakumbuka. Usiende saluni ya mtu. Nipigie video Jumapili, nikitoka misa ya kwanza nakuwa nyumbani, weka simu juu ya kabati nikuone kisogo, na huyo mwenzako unayekaa naye ashike mkasi nimwelekeze. Aanze na mkia wa nyuma kabisa. Na bibi yako atakuwepo.

Mama yako