Kutoka Katowice hadi Boston: barua kwa mwanangu anayesomea jamii za Ulaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unasema ratiba ya uzamili wa masomo ya Ulaya imekutisha: sosholojia, uchumi, sayansi ya siasa, demografia, anthropolojia na sheria, zote ndani ya mwaka mmoja. Unaogopa kumaliza ukiwa umeonja kila chungu bila kushiba hata kimoja. Ukauliza: nishike taaluma ipi, na zipi niziguse tu?

Usianzie kwenye taaluma. Anzia kwenye swali moja dogo lenye mahali na mwaka, ulipeleke kwa kila taaluma, uone inalijibu vipi na inagombana wapi na wenzake. Mara nyingi ugomvi huo unatokana na kitu kimoja: nani alihesabiwa, na nani aliachwa nje ya hesabu. "Utangamano wa Ulaya" si swali. "Kwa nini Wapolandi wengi kiasi kile walihamia Uingereza baada ya 2004, na kwa nini makadirio yalikosea?" hilo ni swali, na ndilo nitakalolitumia hapa.

Sheria inatangulia. Tarehe 1 Mei 2004 nchi 10 ziliingia Umoja wa Ulaya: nane za Ulaya ya Kati na Mashariki, Poland ikiwa kubwa kuliko zote, pamoja na Malta na Cyprus. Mkataba wa kujiunga uliwaruhusu wanachama wa zamani kuwazuia wafanyakazi wa zile nchi nane kwa muda usiozidi miaka 7, katika mafungu matatu: miaka 2, kisha 3, kisha 2. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua ajira tangu siku ya kwanza. Ujerumani na Austria zilitumia miaka yote 7, zikafungua Mei 2011.

Sasa tazama makadirio. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza mwaka 2003 ilitarajia ongezeko halisi, yaani wanaoingia ukitoa wanaotoka, la watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Sensa ya 2001 ilikuta England na Wales wakazi kama 58,000 waliozaliwa Poland. Ile ya 2011 ikakuta 579,000. Waandishi wa ripoti hawakukosea kujumlisha. Kilichowaangusha ni dhana zilizobeba hesabu: kwamba Ujerumani, jirani wa Poland, nayo ingefungua, na kwamba mwenendo wa wahamiaji wa zamani kutoka nchi nyingine ungefaa kutabiria huu mpya. Ukisoma makadirio yoyote, ruka jedwali la matokeo kwanza, nenda kwenye ukurasa wa dhana. Hapo utakuta mara nyingi kifungu cha sheria ambacho mchumi amekichukulia kuwa hakitabadilika.

Demografia inaleta kipande ambacho mkataba hauna. Watoto walizaliwa kwa wingi Poland mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2004 hao ndio waliokuwa na miaka ishirini na kitu, wametoka shuleni, na ukosefu wa ajira nchini mwao ulikuwa karibu 20%. Uchumi unaongeza pengo la mishahara, na nauli pia: Wizz Air ilirusha ndege yake ya kwanza Mei 2004, kutoka Katowice, Poland, kwenda Luton, karibu na London. Usishindanishe sababu hizi kama timu za mpira. Umri unakuambia ni nani aliondoka, mshahara kwa nini, sheria alielekea wapi, na nauli ndogo kwa nini aliweza kwenda, kurudi, na kwenda tena.

Huko kwenda na kurudi ndiko kunakovuruga hesabu, na hapa nakuomba usome polepole.

Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwasajili wafanyakazi wa nchi zile nane, uliodumu Mei 2004 hadi Aprili 2011. Mfanyakazi alitakiwa kujisajili ndani ya mwezi mmoja tangu aanze kazi, kwa ada iliyoanza na pauni 50. Aliyejiajiri hakuhusika, kwa hiyo fundi ujenzi aliyejitegemea hakuonekana humo. Aliyeondoka nchini hakulazimika kujifuta. Rejista hiyo basi inahesabu walioanza kazi ya kuajiriwa, waliopo haiwahesabu. Mtu akikuletea jumla yake kama "idadi ya Wapolandi waliopo", ujue amejaza ndoo bila kuangalia tundu.

Chanzo cha pili kilikuwa dodoso la wasafiri kwenye viwanja vya ndege na bandari. Lilielekeza nguvu zaidi kwenye vituo vikubwa kama Heathrow, ilhali ndege za nauli nafuu kutoka Poland zilitua kwenye viwanja vidogo vya mikoani. Matokeo ya sensa ya 2011 yalipotoka, idara ya takwimu ililazimika kurekebisha ongezeko halisi la wahamiaji wote la muongo ule kwa kuongeza watu 346,000.

Chanzo cha tatu ni sensa yenyewe. Wewe umezoea sensa ya kwetu, ambapo mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. England na Wales zinahesabu wakazi wa kawaida, yaani mtu anahesabiwa pale anapoishi siku zote, hata kama usiku huo alilala kwingine. Poland, katika idadi yake rasmi ya watu, iliendelea kuwaweka waliosajiliwa kuwa na makazi ya kudumu kule hata kama walikuwa ng'ambo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mkazi wa Poland na wa Uingereza kwa wakati mmoja, bila kosa la karani yeyote. Ukijumlisha nchi hizo mbili umemhesabu mara mbili.

Fanya hivi: chora jedwali la safu nne. Chanzo, kinahesabu tukio au mtu, nani hayumo, mtu anatokaje kwenye orodha. Lijaze kabla ya kunukuu tarakimu hata moja. Wanafunzi wengi huangukia safu ya nne, kwa sababu kuingia kwenye orodha kuna fomu na kutoka hakuna.

Kuhusu mishahara nitapita haraka. Tafiti nyingi za Uingereza zilikuta athari ndogo kwa mshahara wa wastani, na dalili za kuwabana kidogo wale wa mshahara wa chini kabisa. Wastani unaweza kutulia huku upande mmoja ukiumia. Daima uliza ni fungu lipi la mishahara linalozungumziwa.

Sosholojia itakuonyesha mhitimu wa chuo anayepakia kabichi, na itaandika kwamba ameshuka tabaka. Anthropolojia, inayokaa naye kwenye nyumba ya kupanga kwa pamoja, itasikia kwamba anajipima kwa kule kwao: nyumba anayoijenga, ndugu anayemsomesha. Itasikia pia kwamba hajaamua kama atarudi, na hataki kuamua. Ukimpa dodoso lenye "unakusudia kukaa miaka mingapi?" atajaza namba ili akuridhishe. Kule Poland nako kulizuka neno "eurosieroty", yatima wa Ulaya, kwa watoto walioachwa na wazazi waliokwenda kazini. Neno kama hilo lina uzito katika siasa hata pale ambapo hakuna takwimu nzuri nyuma yake, na ni kazi yako kutenganisha kuenea kwa neno na kuenea kwa jambo.

Sayansi ya siasa inakupeleka Boston, mji wa kilimo cha mboga katika Lincolnshire, mashariki mwa England. Mwaka 2011 kama mtu mmoja kati ya kumi wa wilaya hiyo alikuwa amezaliwa katika nchi mpya za Umoja, Walithuania na Walatvia wakiwemo. Miaka kumi kabla walikuwa wachache mno. Katika kura ya maoni ya 23 Juni 2016, 75.6% ya waliopiga kura Boston walitaka Uingereza ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, asilimia kubwa kuliko wilaya zote. London, yenye wageni wengi zaidi, ilitaka kubaki kwa 59.9%. Wanaosema "wageni wengi huleta kura ya kujitoa" wanakwama London. Ukipima kasi ya mabadiliko badala ya idadi, picha inaanza kueleweka.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza: raia wengi wa nchi nyingine za Umoja hawakuwa na haki ya kupiga kura ile, walioruhusiwa ni wa Ireland, Malta na Cyprus. Kwa hiyo 75.6% haijumuishi wale ambao mjadala ulikuwa unawahusu. Wa pili: tarakimu ya wilaya haikuambii mtu mmoja mmoja alifikiri nini. Kumhukumu mtu kwa wastani wa mtaa wake ni kosa la zamani, na linarudi kila mwaka kwenye tasnifu. Ukitaka mtu mmoja mmoja, tumia European Social Survey, dodoso la maoni ya watu wa nchi nyingi za Ulaya: inafanyika tangu 2002 kila baada ya miaka miwili, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na data ni bure. Ila usisahau vizito vyake, yaani namba zinazorekebisha uzito wa kila jibu. Safu ya data inayoitwa anweight ndiyo ya kulinganisha nchi kwa pamoja. Bila hiyo nchi ndogo inasikika sawa na Ujerumani.

Ukichukua data Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, angalia herufi ndogo pembeni ya namba: b maana yake mfululizo umekatika, p ni ya muda, e ni kadirio. Kuruka kwa namba yenye b mara nyingi ni ufafanuzi uliobadilika. Na kabla ya kulinganisha "wenye asili ya kigeni" kati ya nchi, kumbuka sensa ya Uingereza huuliza kabila la mtu tangu 1991, Ujerumani ina kundi lake la "asili ya uhamiaji" tangu 2005, na takwimu za kitaifa za Ufaransa haziainishi raia kwa rangi wala kabila.

Tena usichanganye mabaraza. Baraza la Ulaya la Strasbourg, lenye Mahakama ya Haki za Binadamu na nchi 46, si chombo cha Umoja wa Ulaya wenye nchi 27. Msahihishaji akiona kosa hilo ukurasa wa kwanza, kurasa zinazofuata atazisoma kwa shaka.

Sasa nishike ipi? Shika ile ambayo ushahidi wake unaweza kuutetea peke yako mbele ya jopo. Kama unapenda namba, iwe demografia, halafu sheria iwe ya pili. Kama unapenda kukaa na watu, iwe anthropolojia, na lugha ya mahali uifikishe angalau B1, yaani kiwango cha kati, kwa sababu nyaraka za halmashauri mara nyingi hazitafsiriwi. Nyingine zisome kwa kiwango cha kujua zinahesabu nini na zinamwacha nani.

Muda wako ni huu: muhula ni krediti 30, kila krediti saa 25 hadi 30 za kazi. Hiyo ni saa 750 hadi 900. Kwa wiki 18, saa 42 hadi 50 kwa wiki, na sehemu ndogo tu ni ya darasani. Tenga saa sita kila wiki kwa swali lako, tangu wiki ya kwanza, hata kabla ya kupewa msimamizi.

Niandikie swali lako kwa sentensi moja, pamoja na lile jedwali la safu nne. Nitaanza kulisoma kutoka safu ya nne.

Mama yako