Usikate hiyo karatasi bado

Ndugu wa Shela, weka kisu chini kwanza. Umesema una chapa nane za lino, yaani picha zinazochapwa kwa kibao laini kilichochongwa, unataka kuzitia kwenye kitabu kimoja cha mkunjo wa kodiani, utepe unaokunjwa huku na huku, na karatasi yako ya sentimita 70 kwa 100 utaikata kwa urefu upate utepe mrefu usio na kiungo. Basi hapo ndipo kitabu kitakapokufia. Mambo ya gundi, jalada na bei yatasubiri.

Karatasi ya kiwandani ina nyuzi, nazo hulala upande mmoja. Mkunjo ukienda na nyuzi, karatasi inatii. Mkunjo ukipita kinyume cha nyuzi, karatasi nzito inapasuka. Fundi yeyote wa milango hapa Lamu atakwambia mbao humfanya nini anayeichonga kinyume cha nyuzi zake.

Karatasi yangu ilikuwa ya gramu 250 kwa mita ya mraba, imetoka Nairobi kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Nilichapa majahazi kwa wino mweusi wa mafuta, nikakata kwa urefu, nikakunja. Kila mkunjo uliopita kwenye tanga uliacha ufa mweupe, kingo zake zimechanikachanika, na kila nikikifungua kitabu chembe za wino zinabaki vidoleni. Kuchapa upya haiwezekani: ilikuwa lino ya kibao kimoja, unayoichonga zaidi kwa kila rangi, kwa hiyo rangi ya mwisho ikiingia, kibao cha rangi ya kwanza hakipo tena. Toleo zima likaenda, pamoja na pesa ya karatasi.

Na mwalimu wa warsha alituambia karatasi ni karatasi! Hasira haijanitoka. Unapokea ada za watu, unawafundisha kukunja kwa karatasi nyepesi ya kopi isiyopasuka hata ukiikosea, kisha unawaacha wakanunue nzito bila kuwaonya? Muuzaji naye nilimuuliza nyuzi zimelala wapi, akanionyesha rangi.

Sasa fanya hivi. Ipinde karatasi taratibu bila kuivunja, upande huu kisha ule. Inakopindika kwa wepesi, mstari wa mpindo ndio uelekeo wa nyuzi. Ukibaki na shaka, lowesha kipande kidogo upande mmoja: kitajiviringa, na mwanzi wake utalala sambamba na nyuzi. Zikiwa zimefuata ule upande wa 100, kata tepe za urefu wa 70. Kurasa nne za sentimita 17 ni 68, na zile mbili zinazobaki ndizo ulimi wa kuunganishia utepe wa pili. Kurasa nane hizo, kiungo kinajificha nyuma ya mkunjo.

Kadibodi ya jalada pia, nyuzi zisimame wima kama za kurasa, la sivyo unyevu wa huku utaipinda. Gundi nyeupe ya seremala yatosha, ipake nyembamba.

Ukishajua uelekeo, chora mshale kwa penseli nyuma ya kila karatasi kabla hujagusa wino.