Re: MW zimeongezeka maradufu, mbona umeme bado unakatika?

Mkuu mleta uzi, umeuliza mawili. Inakuwaje uwezo wa mitambo ya nchi uzidi mahitaji ya juu karibu mara mbili na mgao bado upo? Na kwa nini jedwali la nishati linaonyesha umeme ni sehemu ndogo ya matumizi, huku kuni na mkaa vimejaa tele? Waliotangulia wamesema takwimu zimepikwa. Si lazima ziwe zimepikwa. Mara nyingi watu husoma safu moja wakitafuta jibu lililo kwenye safu nyingine.

MW (megawati) ni nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa kila kitu kikiwa sawa. Ukitaka kujua umetoa nini, tazama GWh (gigawati-saa), yaani umeme uliozalishwa kweli; GWh 1 ni MW 1,000 kwa saa moja. Mwaka una saa 8,760. MW 100 za jua, mahali penye jua zuri, hufikia asilimia 20 hivi ya saa hizo, yaani GWh 175. MW 100 za jotoardhi (mvuke wa chini ya ardhi) zikienda kwa asilimia 85 zinatoa GWh 745. Kwenye jedwali la uwezo zote zimeandikwa 100. Halafu saa mbili usiku, taa zote zimewaka na watu wanapika, zile za jua bila betri ni sifuri. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha chochote, chukua GWh za kila mtambo mara 1,000, kisha gawa kwa MW zake mara saa 8,760. Ukikuta mtambo wa gesi uko kwenye asilimia 15, uliza: ni wa akiba ya saa za kilele, umekosa gesi, au ni mbovu? Majibu hayo matatu yana tiba tatu tofauti kabisa.

Maji nayo yana hesabu yake. Maji yakianguka mita 100, ufanisi wa mashine ukiwa asilimia 90, MW 100 zinataka mita za ujazo 113 kila sekunde. Endesha hivyo usiku na mchana, umeshatoa bwawani karibu mita za ujazo milioni 9.8 kwa siku moja. Ukame ukija, MW zilizoandikwa kwenye karatasi hazipungui hata moja. Kinachopungua ni maji. Tena kina kikishuka, kimo cha maji kuanguka nacho kinapungua, kwa hiyo hata yale machache yaliyobaki yanatoa umeme pungufu kwa kila mita ya ujazo. Ndiyo maana nchi inayotegemea maji lazima uisome kwa miaka kumi au zaidi. Ukilinganisha mwaka wa mvua na mwaka wa kiangazi utadhani kuna mwelekeo, kumbe ni hali ya hewa tu.

Kuna jambo ambalo wengi hawaligusi: ukubwa wa mashine moja. Bwawa la Julius Nyerere kule Tanzania lina mashine 9 za MW 235 kila moja, jumla MW 2,115. Chukua gridi yoyote ambayo usiku wa manane inatumia MW 1,000. Mashine moja ya ukubwa huo ikizimika ghafla, karibu robo ya umeme imeondoka kwa mkupuo. Frikwensi (kasi ya mawimbi ya umeme) inaporomoka kutoka hezi 50, na rilei (swichi za kinga zinazojiendesha) zinaanza kukata maeneo zenyewe ili gridi nzima isianguke. Kinga yake ni akiba inayozunguka, yaani mitambo iliyowashwa lakini haijabebeshwa mzigo wote, angalau kwa kiasi cha mashine kubwa kuliko zote inayofanya kazi saa hiyo. Akiba hiyo huioni kwenye jedwali la mwaka.

Kisha laini za kusafirisha umeme. Upotevu unakua kwa mraba wa mkondo: pitisha mzigo mara mbili kwenye laini ileile, upotevu unakuwa mara nne. Ukipandisha msongo kutoka kilovolti 132 hadi 220 kwa mzigo uleule na nyaya zilezile, upotevu unashuka hadi asilimia 36 ya ule wa awali. Nchi ikiongeza mitambo bila kugusa laini na transfoma, GWh zinazozalishwa zitapanda, zile zilizouzwa zitakuwa zinajikokota nyuma. Pengo kati ya safu hizo mbili ndilo la kufuatilia. Ila kumbuka ndani yake kuna pia wizi wa umeme na mita mbovu, si joto la waya peke yake.

Sasa jedwali la nishati yote. Hapa kanuni ya kuhesabu inaweza kukupoteza kabisa. Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) huhesabu umeme wa maji, upepo na jua kama ulivyo: TWh 1 (GWh 1,000) ni tani 86,000 sawa na mafuta. Nyuklia huhesabiwa kwa joto lililoingia mtamboni, ufanisi ukichukuliwa kuwa asilimia 33, kwa hiyo TWh ileile inaandikwa tani 260,000 hivi. Jotoardhi, pasipo vipimo halisi, huwekewa asilimia 10, nayo inakuwa tani 860,000. Umeme ni uleule, taa zilezile, lakini kwenye safu ya ugavi (nishati yote iliyoingia nchini kabla ya kugeuzwa) jotoardhi inaonekana mara kumi ya maji. Kenya, ambako jotoardhi ya Olkaria ina sehemu kubwa ya umeme, ukiisoma bila kujua hili utakosea vibaya. Kinyume chake, nchi ikifunga mtambo wa makaa ya mawe wenye ufanisi wa asilimia 36 na kuweka upepo, ugavi wa nishati "unashuka" bila mtu yeyote kupunguza matumizi.

Mkaa nao una mtego wake. Tani moja ya kuni zilizokauka kiasi ina megajuli 16,000 hivi. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji unapata kama kilo 150 za mkaa, yaani megajuli 4,500. Zaidi ya theluthi mbili imepotea kwenye moshi na joto la tanuri. Familia zikihama kutoka kuni kwenda mkaa, ugavi wa kuni unaweza kupanda hata sufuria zikibaki zilezile. Na kwa kuwa kuni hazina mita, tarakimu zake hutoka kwenye tafiti za kaya zinazofanyika kwa nadra; katikati hujazwa kwa kufuata ongezeko la watu. Ukiona mstari umeruka ghafla mwaka mmoja, soma kwanza maelezo chini ya jedwali. Huenda ni utafiti mpya tu.

Ukirudi kwenye jedwali lako, naomba utuwekee hapa safu nne za miaka kumi: GWh kwa kila chanzo, GWh zilizouzwa, kilele cha mahitaji kwa MW, na umeme ulioagizwa nje. Jua la mapaa na jenereta binafsi kwa kawaida hazimo, kwa hiyo viwanda vikionekana vimepunguza matumizi usikimbilie kusema uchumi umelala. Angalia kwanza kama vimejiwekea mitambo yao ya umeme.