Barua kwa mwanangu: kazi ya timu ya mbio za dragi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema timu imekuita ujiunge na mafundi wake kuanzia Machi, na unauliza kama uiache kazi ya gereji hapo Indianapolis, yenye mshahara wa uhakika na Jumapili za kupumzika, kwa ajili ya mbio za dragi, magari mawili yakishindana kwenye njia iliyonyooka kwa chini ya sekunde nne. Nimeendesha lori la timu kama hiyo tangu ukiwa shule ya msingi, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona kwa macho.

Nenda. Ila nataka uende ukijua unachokwenda kufanya, maana vijana wengi huvutwa na moto na ngurumo, na ikifika Juni wameshafunga mabegi.

Zile sekunde ni za dereva. Zako wewe zinaanza gari likishavutwa kurudi hemani, karakana ya timu pale uwanjani. Injini ya Top Fuel, daraja la magari ya kasi zaidi, ina ujazo wa lita 8.2 tu, lakini inatoa nguvu za farasi zaidi ya 11,000, kwa kuwa inakunywa mafuta ya nitromethani asilimia 90, na iliyobaki ni methanoli. Hakuna chuma kinachostahimili hayo mara mbili bila kukaguliwa. Basi kila baada ya mbio injini inafunguliwa: supachaja, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, inatoka, hedi zinatoka, pistoni na konrodi zinavutwa, plagi zinakaguliwa moja moja kwa sababu ncha zake husimulia yaliyoipata kila silinda. Kila fundi ana sehemu yake na haruhusiwi kugusa ya mwenzake. Mmoja yuko hedi ya kushoto, mwingine ya kulia, mwingine klachi, wengine chini ya gari. Wa chini ndiye anayemwagikiwa oili ya moto iliyochanganyika na nitro, na mgeni mara nyingi huanzia hapo. Yote yafungwe tena, mafuta yapimwe, injini iwashwe hapo hapo hemani mkiwa mmevaa barakoa za gesi kwa sababu moshi wa nitro unakaba koo na kuchoma macho. Jumapili, siku ya mtoano, mna kama saa moja kwa hayo yote, na raundi zikibanana mnaweza kubaki na dakika 40 na kitu.

Wewe unayependa klachi tangu mafunzoni, hapa utashiba. Gari hili halibadilishi gia. Nguvu yote inapitia kwenye pleti za klachi zinazoachiwa ziteleze kidogo, zishike kidogo, hadi zikamate kabisa gari likiwa njiani. Fundi mkuu anapima joto la lami, unyevu na uzito wa hewa, halafu anaamua klachi ishike mapema au ichelewe. Akiharakisha, tairi zinateleza na mbio zimekwisha. Akichelewesha, gari la mpinzani limeshaondoka. Baada ya mbio pleti zinatoka zimeungua, na anayejua kuzisoma anaweza kukueleza mbio nzima bila kuangalia kompyuta.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Siku moja, raundi ya tatu, umechoka, mikono inatetemeka kwa njaa, utajiuliza kama boliti fulani uliikaza au hukuikaza. Sema. Sema kwa sauti, hata kama gari limeshateremshwa chini na watu wote wanakuangalia. Fundi mkuu anayestahili kazi yake atakubali raundi ipotee kuliko kumfunga mtu mkanda ndani ya kitu ambacho hamna uhakika nacho, kitu kinachopita kilomita 530 kwa saa. Juni 2008 dereva Scott Kalitta alifariki Englishtown, New Jersey, injini yake ilipolipuka karibu na mwisho wa njia na gari likashindwa kusimama. Simnyooshei kidole fundi yeyote kwa msiba ule. Nakukumbusha tu kilichomo ndani ya hizo injini. Baada yake NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, ilifupisha njia ya magari ya Top Fuel na ya daraja jingine, Funny Car, kutoka mita 402 hadi 305. Timu ikikucheka kwa kusema una shaka, nipigie simu nami nitakuambia ufungashe siku hiyo hiyo.

Kuhusu barabara: mafundi wengi mtapanda ndege, sisi madereva ndio tunaokula lami. Msimu unaanzia Gainesville, Florida, unazunguka nchi nzima na kumalizikia Pomona, California, mwezi Novemba. Kwetu Indiana kipindi kigumu ni Julai, tunapokwenda magharibi. Zamani tulianzia uwanja wa Bandimere, karibu na Denver, hadi ulipofungwa mwaka 2023. Uwanja ule ulikuwa juu zaidi ya mita 1,700 na hewa yake nyepesi, kwa hiyo supachaja ilibidi izungushwe kwa kasi zaidi ili injini ipate pumzi. Wiki inayofuata tulikuwa Sonoma, karibu na usawa wa bahari, na hesabu zote zilianza upya, kisha Seattle. Ukienda mashariki hadi magharibi hivyo, wiki baada ya wiki, utaelewa kwa nini mafundi wakuu hawalali vizuri. Mimi sheria inanipa saa 11 tu za kuendesha kabla ya kupumzika saa 10, na nashukuru ipo. Nilipokuwa nikipeleka mizigo Tunduma hakuna aliyenihesabia saa, na kule Kitonga tulikuwa tukiyaona malori ya wenzetu yamelala korongoni. Nikishuka mlima Donner kwenye barabara kuu ya I-80 nikiwa na magari mawili na karakana nzima mgongoni, bado naingiza gia ndogo mapema kama nilivyozoea Kitonga.

Utakosa mengi. Harusi za Watanzania wenzetu hapa zinafanywa Jumamosi, misiba nayo watu hukusanyika mwisho wa wiki, na wewe utakuwa hemani ukisafisha pistoni. Mvua ikinyesha Jumapili, mnaweza kubaki hadi Jumatatu. Zungumza na mama yako kabla hujasaini, umweleze miezi ambayo hatakuona, asije akaisikia kwa watu.

Umeuliza pia kama msichana mweusi ataheshimiwa. Shirley Muldowney alikuwa bingwa wa Top Fuel mwaka 1977, na akarudia 1980 na 1982. Antron Brown alitwaa taji hilo 2012, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa katika mbio kubwa za magari za Marekani, na leo ana timu yake mwenyewe. Njia ilishakanyagwa. Hata hivyo utakutana na mtu atakayempa mwenzako spana iliyoombwa na wewe. Ipokee mkononi mwa mwenzako, endelea na kazi, saa yako inahesabika. Na utakutana na kitu kingine ninachokipenda sana katika mchezo huu: tiketi ya kila mtazamaji inamfikisha hadi kwenye kamba ya hema. Watoto watakuangalia ukifanya kazi kutoka hatua chache tu. Nimewaona mabinti wadogo wakimtazama fundi mwanamke bila kupepesa, na baba zao wakiwavuta waondoke wanakataa.

Kabla ya kusaini, uliza mambo haya. Bima ya afya inaanza lini? Je, mshahara unaendelea Desemba na Januari, au mnaachiwa hadi majaribio ya msimu mpya? Posho ya chakula mkiwa safarini ni kiasi gani, na wadhamini wakijiondoa katikati ya msimu mkataba wako unakuwaje? Na uliza jina la fundi atakayekufundisha klachi. Wakikutajia mtu, omba uzungumze naye kwa simu. Wakisema utajifunza mwenyewe ukifika, waambie utawajibu Jumatatu, halafu unipigie.

Baba yako